Churchill na Kalamu Yake: Namna ya Kumsoma Mtu Aliyeandika Vita Alivyopigana

Kuna nukuu mbili za Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita vya pili vya dunia, ambazo hazikai muda mrefu bila kurudi tena mitandaoni. Ya kwanza inaushambulia Uislamu kwa maneno makali. Ya pili inaisifu Uganda kwamba ndiyo lulu ya Afrika. Mara nyingi anayesambaza moja hana habari na nyingine, na mabishano yanayofuata huwa yale yale: huyu anadai nukuu imetungwa na maadui, yule anadai imefichwa makusudi. Ukweli ni kwamba zote mbili zimo vitabuni mwake. Ya kwanza aliichapisha mwaka 1899, akiwa kijana wa miaka 24 ambaye ndiyo kwanza ametoka jeshini. Ya pili ni ya 1908, baada ya kuzunguka Afrika Mashariki akiwa naibu waziri wa makoloni. Na ile ya kwanza, ukilinunua toleo la kitabu hicho lililoenea zaidi, hutaiona, kwa sababu mwandishi mwenyewe aliiondoa mwaka 1902.

Hapo ndipo fundo lilipo. Churchill hakuwa mwanasiasa aliyestaafu halafu akaandika kumbukumbu zake, wala hakuwa mwandishi aliyeingia siasa uzeeni. Kwa zaidi ya miaka 60 alifanya kazi zote mbili kwa pamoja: alipigana na kuripoti, alitawala na kusimulia, alipiga kura bungeni na kupokea malipo magazetini. Tukio moja linaweza kuwepo katika barua yake ya gazetini, katika kitabu cha mwaka uliofuata, katika toleo lililopunguzwa, na katika kumbukumbu za miaka 30 baadaye, na kila mahali likawa na sura yake. Ndiyo maana anayetaka kumlaani anapata ushahidi, na anayetaka kumsifu anapata ushahidi, na wote wawili hawasemi uongo. Njia ninayoiona mimi ni kuuliza kila mara: siku anaandika haya, alikuwa na cheo gani, nani anamlipa, na alitaka nani ayasome?

Luteni asiye na pesa

Churchill alizaliwa 30 Novemba 1874 katika ukoo wa kitajiri, lakini yeye mwenyewe hakuwa na pesa. Baba yake, Lord Randolph, aliyewahi kuwa waziri wa fedha, alifariki Januari 1895. Mama yake, Jennie, Mmarekani, alikuwa mtumiaji mkubwa kuliko kipato. Kijana akawa afisa wa kikosi cha wapanda farasi, ambako mshahara haukutosha hata kuwatunza farasi wa mchezo wa polo. Alitaka kuingia bungeni, na wakati ule wabunge wa Uingereza hawakulipwa. Kwa hiyo alihitaji vitu viwili, pesa na jina, na akagundua mapema kwamba vita vingeweza kumpa vyote kama angekuwa na kalamu mkononi.

Mwishoni mwa 1895 alichukua likizo akaenda Cuba, ambako Wahispania walikuwa wanapambana na waasi, akaliandikia gazeti la Daily Graphic barua tano. Siku aliyotimiza miaka 21 alikuwa huko huko, risasi zikilia. Mwaka 1897 akiwa na jeshi India alijipenyeza kwenye msafara wa Jenerali Bindon Blood katika mabonde ya Malakand, mpakani mwa Afghanistan, akaripoti kwa Daily Telegraph kwa pauni 5 kila safu. Gazeti lilizichapisha barua zile bila jina lake, kama za afisa kijana tu. Alikasirika sana, kwani jina ndilo lililompeleka. Alilipata kwa njia nyingine: katika muda wa miezi kama miwili aliandika kitabu kizima juu ya msafara ule, kikatoka Machi 1898. Waziri mkuu, Lord Salisbury, alikisoma akamwita wazungumze.

Ni vigumu kwetu leo kuelewa mfumo ulioruhusu jambo hili. Afisa aliyevaa sare, anayepokea amri za jenerali, alikuwa wakati huo huo analipwa na gazeti kumtathmini jenerali huyo. Majenerali hawakupenda. Herbert Kitchener, aliyeongoza jeshi la Uingereza na Misri lililokuwa likiteremkia Sudan, alikataa katakata kumpokea Churchill. Ikabidi wakubwa wa London waingilie kati. Mwisho akapachikwa kwenye kikosi cha 21 cha wapanda farasi wa mikuki, kwa sharti kwamba agharimie safari mwenyewe, na akiuawa au akijeruhiwa jeshi lisidaiwe chochote. Mfukoni alikuwa na mkataba na gazeti la Morning Post: pauni 15 kwa kila safu.

Omdurman, mara tatu

Vita vya Omdurman vilipiganwa tarehe 2 Septemba 1898, nje ya mji mkuu wa dola iliyoasisiwa Sudan na Mahdi, kiongozi wa dini, ng'ambo ya Khartoum. Jeshi la mrithi wake, Khalifa Abdullahi, lilijitupa mbele ya mizinga, boti za kivita zilizokuwa mtoni na bunduki za rashasha. Asubuhi moja tu, wapiganaji wake kama 10,000 walikuwa wameuawa. Upande wa Kitchener walikufa 48. Churchill alikuwa mmoja wa wapanda farasi walioshambulia kundi walilodhani ni dogo, na ghafla wakakuta korongo lililojaa watu zaidi ya 2,000. Bega lake lilikuwa limeumia tangu India, upanga ungemshinda, akatumia bastola. Alitoka mzima.

Barua zake za Morning Post zilisimulia haya kwa moto wa siku ile. Lakini kitabu alichokiandika baadaye, The River War, kilichotoka 1899 katika juzuu mbili nene, ni kitu kingine kabisa. Alitafuta nyaraka, akawahoji watu, akarudi Misri kukusanya habari. Ndani yake zimo sauti mbili zinazogombana, na hakuna hata moja iliyoshinda.

Sauti moja ni ya mtu wa himaya. Anaviita vita vile ushindi mkubwa kuliko wote ambao silaha za sayansi zimewahi kuupata dhidi ya washenzi. Sauti ya pili ni ya mtu aliyetembea. Tarehe 5 Septemba, siku tatu baada ya mapigano, alipanda farasi na afisa mwenzake wakaenda kuuangalia uwanja wa vita. Anaieleza harufu. Anawaeleza majeruhi waliokuwa bado hai kwenye jua la Sudan, bila maji, wakijaribu kuufikia mto Nile. Mmoja alikuwa amebakiwa na mguu mmoja, na kwa siku tatu alikuwa amejikokota maili moja. Mto ulikuwa bado maili mbili mbele yake. Halafu Churchill anaandika kwamba hawa walikuwa mashujaa sawa na mashujaa wowote waliowahi kutembea duniani, na kwamba hawakushindwa, bali waliangamizwa na mashine.

Kuhusu Mahdi mwenyewe, Muhammad Ahmad, aliyefariki miaka 13 kabla, aliandika kwamba ikiwa siku moja watu wa Sudan watainuka tena, mwanahistoria wao wa kwanza hatasahau kuliandika jina lake mbele ya mashujaa wengine wa taifa lake. Sidhani kama kulikuwa na afisa mwingine wa Kiingereza aliyekuwa tayari kuchapisha maneno hayo mwaka 1899. Aliandika pia, kwa hasira iliyo wazi, jinsi kaburi la Mahdi lilivyobomolewa kwa amri ya Kitchener, maiti ikafukuliwa, kichwa kikatenganishwa na mwili, na kiwiliwili kikatupwa mtoni. Katika barua kwa mama yake alisema ushindi wa Omdurman ulitiwa doa na kuuawa kwa majeruhi, na kwamba Kitchener ndiye wa kulaumiwa.

Na katika kitabu hicho hicho ndimo lilimo lile fungu juu ya Uislamu. Ni maneno ya dharau, na sioni haja ya mtu yeyote kuyatetea. Katika fungu lenyewe anakiri kwamba Waislamu mmoja mmoja wana sifa kubwa na kwamba maelfu ni askari hodari wa Malkia, lakini hilo halibadilishi hukumu aliyoitoa juu ya dini yao. Anayelisoma akumbuke tu Churchill alikuwa amekutana na Uislamu wapi: Malakand, kisha Sudan. Alikuwa ameuona zaidi kutoka nyuma ya bunduki. Hakuwa ameishi na familia ya Kiislamu, hakuwa amekaa na mwanachuoni. Aliihukumu dini ya mamilioni ya watu kwa yale aliyoyaona kwa waliokuwa wakimpigia risasi, na wakati huo huo akawaheshimu watu hao hao kuliko alivyomheshimu jenerali wake.

Sasa tufike 1902. Churchill ni mbunge. Kitchener ni shujaa wa taifa, amiri jeshi huko Afrika Kusini. The River War inatoka upya katika juzuu moja iliyopunguzwa sana. Lawama nyingi dhidi ya Kitchener zimetoka au zimepunguzwa makali, na lile fungu la Uislamu pia limetoka. Toleo hili fupi ndilo lililochapwa tena na tena kwa karne nzima, na linapatikana bure mtandaoni. Kwa hiyo anayesema "nimesoma kitabu chote, maneno hayo hayamo" anasema kweli, na anayesema "yamo" naye anasema kweli. Wanasoma matoleo mawili. Mkato ule ule uliomwondolea Churchill aibu ya maneno aliyoyasema juu ya Waislamu ulimwondolea pia sifa ya ujasiri wa kumkosoa mkubwa wake. Mara ya tatu anaisimulia Omdurman ni mwaka 1930, katika tawasifu ya ujana wake, na hapo imekuwa kumbukumbu ya dunia iliyopita, yenye ucheshi, iliyoandikwa na mtu mzima aliyeviona vita vikubwa zaidi.

Baada ya Sudan, wizara ya vita ilipiga marufuku maafisa wa jeshi kuwa waandishi wa magazeti. Kila mtu alijua marufuku hiyo ilimlenga nani.

Mwandishi au askari?

Churchill aliacha jeshi 1899, akagombea ubunge wa Oldham akashindwa, na vita vya Makaburu vilipolipuka Oktoba akapanda meli kwenda Afrika Kusini kama mwandishi wa Morning Post kwa pauni 250 kwa mwezi. Kwa mwandishi wa habari wa wakati ule, hizo zilikuwa fedha nyingi mno.

Tarehe 15 Novemba treni ya kivita aliyokuwa amepanda ilishambuliwa karibu na Chieveley, Natal. Mabehewa yaliacha reli. Churchill, asiye askari, alichukua usukani wa kazi ya kuifungua njia chini ya risasi ili injini iwatoroshe majeruhi. Injini ilipona, yeye akatekwa. Huko Pretoria aliandika maombi akisema yeye ni mwandishi wa habari, aachiwe. Makaburu walisoma magazeti ya Natal yaliyokuwa yakimsifu kwa ushujaa wake kwenye treni, wakaona hoja yake haina miguu. Swali hilo, kama mtu yule alikuwa mwandishi au mpiganaji, ndilo swali la maisha yake yote ya uandishi, na kwa mara moja tu lilikuwa na jela ndani yake.

Usiku wa 12 Desemba aliruka ukuta wa shule iliyogeuzwa gereza. Alijificha kwenye mgodi wa makaa ya mawe karibu na Witbank, akasafirishwa ndani ya treni ya mizigo hadi Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, na kabla ya Krismasi alikuwa Durban akishangiliwa. Makaburu walikuwa wametangaza zawadi ya pauni 25 kwa atakayemrudisha, hai au amekufa.

Hapa tunaona sababu nyingine inayoweza kubadilisha maandishi, nayo ni ya heshima. Katika kitabu chake cha 1900 hakueleza ni nani waliomficha, kwa kuwa watu hao walikuwa bado ndani ya himaya ya Makaburu na wangeweza kuuawa. Majina yao aliyataja miaka 30 baadaye. Lakini tawasifu hiyo hiyo ya 1930 inadai kwamba aliyemteka kwa mkono wake alikuwa Louis Botha, jenerali aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Muungano wa Afrika Kusini. Wanahistoria wengi hawaikubali habari hiyo. Ripoti za wakati ule hazina jina hilo. Botha alikuwa amekuwa rafiki, na hadithi ilikuwa nzuri mno kuiacha. Kwa hiyo kitabu cha baadaye kinaweza kuwa cha kweli zaidi kwenye ukurasa mmoja na cha kutiliwa shaka kwenye ukurasa unaofuata.

Aliporejea mstari wa mbele, Jenerali Buller alimpa cheo katika kikosi cha farasi huku akiendelea kuripoti. Marufuku iliyowekwa kwa sababu yake ilivunjwa kwa ajili yake. Oktoba 1900 Oldham ilimchagua. Kwa mauzo ya vitabu na mihadhara ya Uingereza na Marekani alikuwa amejiwekea pauni 10,000, akaingia bungeni bila deni.

Mombasa hadi Khartoum

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kukishika kitabu kinachofuata. Oktoba 1907 Churchill, sasa naibu waziri wa makoloni, alishuka Mombasa kutoka manowari ya Venus. Alipanda reli ya Uganda, iliyokuwa imefika ziwani miaka sita tu nyuma, tena alikaa kwenye benchi lililofungwa mbele ya kichwa cha treni ili aone nchi vizuri. Akawinda faru karibu na stesheni ya Simba, akafika Nairobi, akazunguka nchi ya Wakikuyu, akateremka Kisumu, akavuka ziwa hadi Entebbe, akamtembelea Kabaka Daudi Chwa aliyekuwa mtoto wa miaka 11, akafuata Nile kwa miguu na mashua kupitia maporomoko ya Murchison na Gondokoro hadi Khartoum. Njia nzima alikuwa anaandika kwa ajili ya jarida la Strand, na 1908 makala hizo zikawa kitabu, My African Journey.

Kuna mambo ndani yake yatakayomshangaza anayemjua Churchill kama mhafidhina wa himaya peke yake. Anaona walowezi wa Nairobi walivyo wepesi wa siasa na anasema kila mzungu wa mji ule ni mwanasiasa, na wengi wao ni viongozi wa vyama. Anauliza kwa ukali kama serikali yenye chembe ya uaminifu inaweza kuwafukuza Wahindi katika nchi waliyoijenga, ambako askari wa Kisikh alipigana na mfanyabiashara wa Kihindi alifika kabla ya ofisa wa Kizungu. Uganda anaipenda waziwazi. Anasema hapo ndipo Uingereza ielekeze nguvu, anataka mali ya nchi iwe mikononi mwa dola badala ya mabepari, na anaita wazo hilo ujamaa wa dola. Alipofika Jinja, mahali ziwa linapomwagika, aliota bwawa la umeme, Nile ianze safari yake kwa kuzungusha mtambo. Bwawa la Owen lilifunguliwa na Malkia Elizabeth Aprili 1954, na waziri mkuu wa Uingereza siku hiyo alikuwa yeye mwenyewe. Hata ile "lulu ya Afrika" aliiweka ndani ya alama za kunukuu.

Lakini katika kitabu hicho hicho Wakikuyu anawaita watoto wachangamfu, wasikivu, ingawa wana unyama, wanaoweza kufundishwa na kuinuliwa. Soma kurasa zile ukijua ni nani aliyemsimulia habari za watu hao: maofisa na walowezi waliokuwa wenyeji wake. Hawa wabeba mizigo waliomfikisha Nile hawana majina katika kitabu. Mtumishi wake Mwingereza, Scrivings, analo. Alifariki kwa ugonjwa wa ghafla walipofika Khartoum, na Churchill anaandika kwamba siku iliyofuata vita vya 1898 alikuwa amewazika hapo askari wa kikosi chake, na sasa, miaka tisa baadaye, alikuwa amesimama tena mbele ya kaburi lililo wazi. Hiyo ni moja ya kurasa zake bora, na ni ukurasa pekee wa kitabu ambamo mwandishi wa vita na naibu waziri wanakutana.

Kisha kuna jambo ambalo kitabu hakina. Januari 1908 huko Kisii kijana wa Kigusii, Otenyo, alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza aliyeitwa Northcote. Northcote alipona. Serikali ya Nairobi ilituma msafara wa adhabu, vijiji vikachomwa moto, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakapigwa risasi. Ripoti zilipofika mezani kwake London, Churchill aliandika dokezo kwenye faili. Hakupenda lugha ya ripoti zile. Watu 160 wameuawa na upande wa serikali hakuna aliyeguswa zaidi, aliandika. Hili linaonekana kama machinjio. Bunge likilipata, mipango yote ya Afrika Mashariki itaingia kiwingu. Haiwezi kuwa lazima, alimalizia, kuendelea kuwaua watu hawa wasio na kinga kwa kiwango kikubwa namna hii.

Dokezo hilo linanigusa kuliko sura nzima za My African Journey, kwa sababu ndani ya mistari michache imo dhamiri ya yule kijana wa Omdurman, na imo hofu ya mwanasiasa anayewaza Bunge, na huwezi kuzitenganisha. Liliandikwa Februari. Makala za Strand zilianza kutoka mwezi uliofuata. Msomaji wa London alisomeshwa juu ya faru, maua na kiti cha mbele ya treni. Luteni wa 1898 angeyapeleka mauaji ya Kisii gazetini, tena kwa pauni 15 kwa safu. Naibu waziri aliyaweka kwenye faili.

Vitabu vikubwa

Vitabu vyake vya baadaye vinajulikana zaidi na nitavipitia haraka. Juzuu za vita vya kwanza vya dunia, zilizotoka kati ya 1923 na 1931, zinasimulia vita nzima, lakini kiini chake ni Gallipoli, msafara wa 1915 dhidi ya Uturuki alioupigania, ulioshindwa na kumng'oa madarakani. Ni utetezi wa mshitakiwa mwenye nyaraka. Miaka ya 1930, akiwa nje ya serikali, aliishi kwa kalamu nyumbani kwake Chartwell: wasifu wa juzuu nne wa Marlborough, babu wa kale wa ukoo wake, na makala za magazeti zisizo na idadi. Aliandikisha kwa imla usiku, akitembea chumbani, makatibu wakipiga chapa, wachapaji wakirudisha nakala ambazo aliziandika upya kwa wino.

Historia yake ya vita vya pili vya dunia, juzuu sita za 1948 hadi 1953, ilijengwa na kikosi kizima. Mwanahistoria Bill Deakin, Jenerali Pownall na Komodoro Allen walitayarisha rasimu, na katibu wa baraza la mawaziri, Norman Brook, alizisoma kabla ya kuchapwa. Churchill alipewa ruhusa ambayo hakuna mwandishi mwingine aliyekuwa nayo: kutumia nyaraka zake za uwaziri mkuu wakati zikiwa bado siri kwa wote. Januari 1948 aliliambia Bunge kwamba ni vyema vyama vyote viiachie historia mambo yaliyopita, hasa kwa kuwa historia hiyo anakusudia kuiandika mwenyewe.

Ukizisoma angalia namna zilivyofumwa. Madokezo na simu zake yeye zimechapwa kwa wingi. Majibu aliyopewa na majenerali na mawaziri ni nadra kuyaona, kwa hiyo kila mara tunamsikia anayeuliza na kuamuru, siyo anayemwambia haiwezekani. Kazi ya kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajerumani haimo, kwa kuwa ilikuwa bado siri ya dola; umma uliambiwa 1974. Hilo tunaweza kulielewa. Njaa ya Bengal ya 1943, iliyoua watu wanaokadiriwa kufika milioni 3 wakati yeye ni waziri mkuu, karibu haimo kabisa, na hiyo haikuwa siri ya mtu yeyote.

Tuzo ya Nobel ya fasihi alipewa 1953, kwa umahiri wa kuandika historia na wasifu, na kwa hotuba zake za kutetea utu. Mkewe Clementine aliipokea Stockholm tarehe 10 Desemba, yeye akiwa kwenye kazi za uwaziri mkuu. Siku hiyo Kenya ilikuwa na zaidi ya mwaka mzima chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, wakati wa serikali yake hiyo hiyo, na Wakikuyu kwa maelfu walikuwa kizuizini.

Vita hivyo vya Kenya, dhidi ya Mau Mau, hakuviandika. Historia yake ya vita vya pili inasimama 1945, na kazi yake kubwa ya mwisho, juu ya watu wanaozungumza Kiingereza, inaishia kwenye vita vya Makaburu alivyovijua ujanani. Anayetaka kujua Churchill wa Kenya ya 1952 hadi 1955 hana kitabu chake cha kufungua. Inabidi aende kwenye mafaili, na mengi ya mafaili hayo yalifichwa Hanslope Park, Uingereza, hadi wazee wa Mau Mau walipoishitaki serikali ya Uingereza na yakatolewa 2011. Miaka miwili baadaye serikali hiyo ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.